Wote waliuliza "nani?", hakuna aliyeuliza juu ya mlango

Mtoto akikufa ghafla hapa Kisangani, swali la kwanza barabarani si "amekufa na nini?" Ni "nani?" Nani amemuuza, nani amemloga, nani amemla. Ninaandika habari za kata kwa miaka sasa, na karibu kila nikifika kwenye msiba wa namna hiyo, nakuta jibu limefika mbele yangu.

Kifo ninachowaeleza leo kilitokea katika komine ya Mangobo. Sitaandika jina la familia, wala avenyu, wala mwezi. Kuna mtoto mwingine ndani ya habari hii ambaye yuko hai, na ni kwa ajili yake naandika.

Aliyekufa alikuwa mvulana wa miaka mitatu. Pembeni ya parsele yao kuna fundi wa magari, na mbele ya kazi yake kuna magari matatu mabovu yanayokaa kwenye jua, moja halina hata mota. Watoto wa avenyu nzima wanachezea pale. Asubuhi ile walicheza kama kawaida, halafu wakatawanyika. Kuelekea saa sita ya mchana mama akaanza kumtafuta mwanawe. Walitafuta kwenye kisima, walitafuta kwenye mfereji, walituma kijana na kinga hadi kwa bibi yake huko Kabondo. Saa tisa, mtu mmoja aliyekuwa anapita aliweka uso kwenye kioo chenye vumbi cha gari moja akamwona. Alikuwa chini, kati ya viti. Walimkimbiza na pikipiki hadi kituo cha afya, lakini muuguzi alimgusa tu akajua.

Mimi nilifika saa kumi na moja. Turubai lilikuwa halijafungwa bado, ila maelezo yalikuwa tayari, tena matatu.

La kwanza lilimhusu baba. Alikuwa amenunua pikipiki mpya miezi miwili mbele. Kijana mwenye toleka alinieleza kwa sauti ya mtu anayejua: "Yaya, pesa ile haikutoka bure." Baba yule alilipa pikipiki kwa pesa ya likelemba, na wenzake wa likelemba walikuwa wamekaa palepale kwenye matanga. Hakuna aliyewauliza.

La pili lilimhusu mama. Hakulia. Yaani alilia, lakini si kama inavyotakiwa: hakujitupa chini, hakupiga kelele. Alikaa, akaomba sabuni, akafua kaptula ya mtoto, akaianika. Nilisikia wanawake watatu wakiisimulia sabuni ile, na kila aliyeisimulia aliiongeza kidogo. Jambo hili si letu peke yetu. Australia, mwaka 1980, mbwa mwitu alimchukua mtoto mchanga kutoka ndani ya hema karibu na jiwe kubwa la Uluru. Mama yake, Lindy Chamberlain, alionekana mtulivu mno kwenye televisheni, na nchi nzima ikaamua ni yeye. Alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1982, akatoka 1986 baada ya koti la mtoto kupatikana karibu na mapango ya mbwa hao. Ilifika 2012 ndipo afisa wa mahakama akaandika rasmi kwamba ni mnyama aliyemuua. Miaka 32, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya machozi.

Maelezo ya tatu ndiyo yaliyonifanya nisilale. Katika nyumba ile kuna msichana wa miaka tisa, mtoto wa dada ya baba, dada aliyekwisha kufariki. Aliletwa kutoka upande wa Opala. Yeye ndiye aliyeachiwa mdogo wake asubuhi ile, halafu akatumwa maji. Aliporudi na bidoni yake hakuuliza mtoto yuko wapi. Basi. Hilo lilitosha. Ilipofika saa mbili ya usiku watu walikuwa wamekumbuka kwamba anaongea akiwa usingizini, kwamba anakula sana lakini hanenepi, kwamba mama yake pia alikufa "vibaya". Saa tatu odio ikaanza kupita kwenye WhatsApp: sauti ya mwanamke nisiyemjua akisema msichana amekiri. Nilikuwa nimekaa mita tano kutoka kwa msichana huyo. Hakuwa ameulizwa neno lolote, na alikuwa hajala.

Sasa niseme kile ambacho muuguzi alijaribu kusema na watu hawakumpa nafasi. Gari lililofungwa kwenye jua ni tanuri. Nje ikiwa joto la nyuzi 32, kama mchana wetu mwingi tu hapa, ndani ya dakika 10 gari linafika karibu nyuzi 43, na ndani ya nusu saa karibu 51. Kufungua kioo kidogo hakubadilishi kitu kikubwa. Mwili wa mtoto mdogo unapanda joto mara tatu hadi tano haraka kuliko wa mtu mzima, na ukipita nyuzi 40 ndipo hatari yenyewe inaanza. Huko Marekani, ambako wanahesabu, wastani ni watoto 37 hivi kwa mwaka tangu 1998. Zaidi ya nusu walisahauliwa na mzazi au mlezi. Lakini karibu robo waliingia wenyewe kwenye gari wakicheza, wakashindwa kutoka.

Kushindwa kutoka. Shikeni neno hilo, nitalirudia.

Wengine mtasema hayo ni mambo ya Wazungu wenye magari. Mwaka 2020, Athi River nchini Kenya, watoto wawili waliokuwa wamepotea walikutwa wamekufa ndani ya gari lililoegeshwa kwenye kituo cha polisi. Gari bovu halihitaji mwenye pesa. Linahitaji jua na mlango, na Kisangani tuna vyote viwili.

Nikiwa pale kwenye matanga, odio ile ikizunguka, nilikuwa nafikiria kesi ya Georgia, ambayo niliifuata kwa muda mrefu. Tarehe 18 Juni 2014, karibu na Atlanta, Justin Ross Harris alikula chakula cha asubuhi kwenye mgahawa na mwanawe wa miezi 22, halafu, badala ya kumpeleka mahali wanapolelea watoto, akaendesha hadi kazini. Mtoto alibaki kwenye kiti cha nyuma karibu saa saba. Alikamatwa siku ileile. Mwanzoni mwa Julai mpelelezi alisimama mahakamani mbele ya kamera za televisheni akaeleza kwamba siku ile baba huyo alikuwa akiandikiana na wanawake mambo ya aibu, na kwamba mama wa mtoto alipopewa habari ya kifo hakuonyesha hisia. Kuanzia hapo kila mtu alikuwa hakimu. Ilibidi kesi ihamishiwe mji mwingine, Brunswick, kwa sababu kule nyumbani ilikuwa vigumu kupata watu ambao hawajaamua. Mwaka 2016 akapewa kifungo cha maisha bila msamaha, na juu yake miaka 32.

Mama hakushtakiwa kamwe. Na Juni 2022 Mahakama Kuu ya Georgia, majaji sita dhidi ya watatu, ilifuta hukumu ya mauaji: mambo ya wanawake yalijazwa mbele ya wasikilizaji hadi yakaziba swali lenyewe, yaani kama baba huyu alimwacha mwanawe kwa makusudi au alisahau. Mwaka uliofuata mwendesha mashtaka aliacha kumshtaki tena kwa mauaji. Harris alibaki gerezani kwa makosa mengine, ya ujumbe mchafu kwa msichana mdogo wa umri, akatoka Juni 2024. Simtetei. Mtu anaweza kuwa mume mbaya, hata mtu mbaya, na bado awe hakuua. Kule Georgia ilichukua miaka minane na majaji tisa kuyatenganisha mambo hayo mawili, na watatu kati yao hawakukubali.

Sisi hatuna miaka minane. Tuna usiku mmoja. Na kwetu lawama haibaki kwa baba mwenye pikipiki, maana baba ana ndugu, ana wenzake wa likelemba, anaweza kujibu. Inateremka. Inapita kwa mama, inateremka tena, mpaka inafika kwa yule asiye na mtu nyuma yake. Tazameni watoto wanaolala karibu na soko kuu, muulizeni mmoja mmoja kwa nini alitoka nyumbani. Mtasikia jambo moja mara nyingi: kuna mtu alikufa, halafu wakasema ni mimi.

Asubuhi yake alikuja pasta wa kanisa moja dogo. Hakuja na ubaya usoni, alizungumza kwa upole. Alitaka msichana apelekwe kwake siku tatu, bila chakula wala maji, aombewe. Baba alikuwa amechoka, alitikisa kichwa kama mtu anayekubali chochote. Hapo Koko mmoja wa parsele ya tatu, mama mzee anayeuza shikwange, alisimama.

"Pasta, huyu hatoki."

"Mama, ni kwa faida ya familia."

"Familia gani? Mimi ndiye ninayemwona akichota maji kila siku. Ukimtaka, anza na mimi."

Chefu wa kata alifika wakati huo, na lazima nimsifu, kwa sababu machefu ninawakosoa mara nyingi. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba kuna sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto, na kwamba kifungu cha 160 kinampa anayemshtaki mtoto uchawi kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu na faini ya faranga 200.000 hadi 1.000.000. Kuna pia Katiba, kifungu cha 41. Kijana mmoja alicheka, akauliza ni nani amewahi kufungwa. Chefu akamjibu, "Utakuwa wewe wa kwanza, na odio yako ninayo." Kicheko kikaisha. Pasta alikunywa maji, akaaga.

Sikuja hapa kubishana na mtu kama uchawi upo au haupo. Kila mmoja na imani yake. Mimi nilitoka pale nikaenda kuangalia gari.

Nilienda na chefu na fundi mwenyewe, siku ya pili, mvulana akiwa amekwisha zikwa. Mlango wa nyuma wa kushoto unafunguka kutoka nje, hata kwa mkono mdogo, ni mwepesi. Ndani, kishikio hakipo. Kimevunjika, pamebaki shimo na kipande cha waya. Mlango wa kulia haufunguki kabisa. Vioo vinapandishwa kwa mkono na mkono wenyewe umeng'olewa. Mtu mzima akiingia nyuma na mlango ukajifunga, atapita mbele katikati ya viti. Mtoto wa miaka mitatu, gizani kwa hofu, kwenye joto lile, hawezi. Chefu aliingia, nikafunga, akajaribu. Alipotoka alikuwa ameloa jasho na hakusema kitu.

Gari lilikuwa limekaa hivyo tangu mwaka jana. Siku mbili watu mia na zaidi walikuwa wamepita mbele yake wakienda kumjadili msichana, na tulipofika kulikuwa na watoto wawili juu ya boneti.

Fundi alitoa milango yote minne siku ileile, akaiegemeza ukutani. Gari la pili naye alilifunga kwa waya. La tatu alisema ni la mteja aliyeko Bunia, hawezi kuligusa bila ruhusa. Chefu amemwandikia. Nilipita juzi, bado linasimama pale, milango imefungwa kwa kamba ya nailoni, na mtu yeyote anaweza kuifungua.

Msichana anakaa kwa Koko. Anaenda shule asubuhi, alasiri anasaidia kufunga shikwange kwenye majani. Baba huja Jumapili, hukaa kwenye kiti mlangoni nusu saa hivi, huacha pesa kidogo ya chakula, huondoka. Bado hajasema lini atamrudisha nyumbani, na Koko hamuulizi.