Kitoweo na Muhogo Mchungu

Tamaa ya kuusafisha mwili kwa ndani ni ya kale katika pwani ya Afrika Mashariki. Majani ya sanamaki yalichemshwa yakanywewa alfajiri, haluli ilimezwa kwa uso uliokunjamana, shubiri ililowekwa usiku kucha, na mtoto aliyeonekana kufifia alinyweshwa dawa ya kuharisha kabla hajaulizwa anaumwa wapi. Siku hizi tamaa ile ile imevaa nguo mpya. Katika miji mikubwa huuzwa vinywaji vya rangi ya kijani, vidonge, na majani makavu yaliyofungwa kwa ustadi, na kila kimoja chaahidi kuondoa sumu mwilini kwa siku kadha wa kadha. Muuzaji hasemi ni sumu gani. Mnunuzi naye aghalabu haulizi, maana neno sumu lina kitisho cha kutosha peke yake.

Swali hilo lisiloulizwa ndilo lenye thamani. Sumu si kitu kimoja. Pombe ina njia yake ya kuvunjwa, amonia itokanayo na vyakula vya nyama na kunde ina njia yake, na kila dawa ya hospitali ina njia yake. Sanamaki huushtua utumbo mpana ukamwaga kilichomo, pamoja na maji na chumvi ambazo mwili ulikuwa ukizihitaji; sumu iliyokwisha ingia damuni haiguswi. Kuitafuta humo ni kazi ya ini na figo. Ini la mtu mzima lina uzito upatao kilo 1.5, na damu ya kiasi cha lita 1.5 hulipitia kila dakika, iliyo nyingi ikitoka moja kwa moja matumboni, ili kilicholiwa kikaguliwe kabla hakijatawanywa. Figo huchuja lita zipatazo 180 za majimaji kwa siku, zikayarudisha mwilini karibu yote, zikatoa lita 1 au 2 tu za mkojo. Kiswahili huliheshimu ini kwa namna yake: aliyeumizwa kupita kiasi husema kuwa amekatwa maini. Ni usemi mzuri, walakini wachache wausemao hukumbuka kuwa ini ni mfanyakazi, na kwamba mfanyakazi hawezi kufanya kazi bila ya vifaa.

Jambo hili la vifaa halionekani vema katika chupa za mjini. Laonekana katika muhogo mchungu.

Muhogo uliletwa Afrika na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16, ukashika katika Kongo kwanza, kisha ukaenea hata ukawa chakula cha mamilioni. Ule mtamu, unaochemshwa kwa nazi au kuchomwa na kuuzwa kandokando ya barabara kwa chumvi na pilipili, una sumu haba. Mchungu ni habari nyingine. Ndani yake mna kitu kiitwacho linamarini, nacho peke yake kimetulia. Lakini katika kuta za chembe za muhogo mna kimeng'enya kinachoweza kukivunja kikatoa sayanidi. Mmea umeviweka viwili hivi mbalimbali, kama mtu mwenye busara awekavyo bunduki chumba kimoja na risasi chumba kingine. Mnyama aumapo mzizi, kuta hubomoka, viwili hukutana, na sumu hutoka. Kwa hiyo nguruwe-mwitu na ngedere huupita muhogo mchungu wakaenda kwa jirani, na mwizi wa shambani hufanya vivyo hivyo. Mkulima aupandaye si mjinga. Amechagua mlinzi asiyelala wala asiyedai mshahara, na gharama yake hulipwa baadaye, kwa kazi ya mikono.

Kazi hiyo ni ya wanawake, na ni elimu ya dawa na sumu hata kama haikuandikwa vitabuni. Mizizi hulowekwa mtoni au kidimbwini siku 3 au 4 hata ilainike na kutoa harufu ya uchachu. Katika siku hizo kuta za chembe huoza, kimeng'enya hupata njia, linamarini huvunjika, na sayanidi huondoka pamoja na maji na hewa. Kisha muhogo huanikwa, hutwangwa, huchekechwa. Kandokando ya Ziwa Viktoria wako wauitao udaga. Kwingine ni makopa, ingawa makopa mengi huanikwa tu bila ya kulowekwa, na tofauti hiyo ina uzito. Kisamvu nacho hutwangwa sana kabla ya kutiwa chunguni, na mtu aonaye kuwa mchi ule ni wa kulainisha majani tu hajaona nusu ya kazi yake. Kuchemsha bila ya kutwanga kungekiua kimeng'enya na kuiacha linamarini ikiwa nzima. Kinu hukutanisha kwanza. Moto hufukuza baadaye. Mpangilio huu haukubuniwa katika maabara yoyote.

Basi kuondoa sumu kwaanza nje ya mwili, majini na juani, siku nyingi kabla ya chakula kufika mdomoni. Kinachobaki ungani ndicho kinachoachiwa mwili. Hapo ndipo ini linapoingia na kifaa chake, kimeng'enya kiitwacho rodanesi, ambacho mwanakemia wa Ujerumani Konrad Lang alikieleza mwaka 1933. Rodanesi huichukua sayanidi na kuiunganisha na salfa, ikageuka kuwa kitu kingine kilicho na madhara kidogo sana, nacho hutolewa na figo katika mkojo. Salfa hiyo ni ile ile ambayo watu wa pwani waliijua kwa jina la kibiriti upele na kuipaka ngozini. Lakini mwili hauwezi kuitumia kwa kuipaka. Huipata katika protini: samaki, mayai, nyama, maziwa, na kwa kiasi cha chini zaidi katika kunde na maharage. Muhogo wenyewe una protini chache mno. Hivyo mtu alaye bada ya muhogo mchungu bila ya kingine ameingiza sumu, na katika chakula hicho hicho amekosa kiondoa sumu.

Hapa lugha yastahili kusikilizwa. Kiswahili hugawa mlo sehemu mbili, chakula na kitoweo, na alaye ugali mtupu husemwa kuwa anakula ugali mkavu. Mgaagaa na upwa, wasema wahenga, hali wali mkavu. Methali hii hufundishwa shuleni kuwa ni sifa ya bidii, nayo ni kweli. Lakini kwa mlaji wa muhogo mchungu ina maana ya pili, iliyo kali zaidi. Aliyegaagaa na upwa akarudi na samaki mmoja ameleta nyumbani salfa ya kuizuia sayanidi. Kitoweo, kinachodhaniwa kuwa ni cha kulainisha koo na kupendeza ulimi, ni mshirika wa ini.

Kinapokosekana, malipo ni ya kutisha. Mwaka 1938 daktari Trolli, Mwitaliano aliyefanya kazi katika Kongo iliyotawaliwa na Wabelgiji, alichapisha habari za ugonjwa ulioonekana katika nchi ya Kwango. Wayaka wenyewe waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa, na hakuna daktari aliyepata jina lililo bora kuliko hilo. Mtu mzima wa afya hushikwa ghafla. Miguu yote miwili hukakamaa, magoti husogeleana, visigino hukataa kugusa ardhi. Homa hamna. Akili haiguswi. Ugonjwa hauzidi baada ya siku zile za mwanzo, wala haurudi nyuma. Aliyeupata akiwa na umri wa miaka 6 atatembea kwa ncha za vidole, au kwa fimbo, au kwa kutambaa, maisha yake yote. Wanaoshikwa zaidi ni watoto waliokwisha achishwa ziwa na wanawake wenye umri wa kuzaa. Mtoto anyonyaye husalimika, na sababu yaweza kukisiwa: chakula chake ni maziwa ya mama.

Mwaka 1981, katika ukame uliolikumba jimbo la Nampula huko Msumbiji, watu zaidi ya 1,000 walipata ugonjwa huo huo, ambao wenyeji waliuita mantakassa. Miongoni mwa madaktari waliouchunguza alikuwamo Hans Rosling, Mswidi aliyekuwa akifanya kazi Nacala, naye aliendelea kuufuatilia ugonjwa huu sehemu nyingine za Afrika kwa miaka mingi. Mwaka 1985 ulitokea Tanzania, katika wilaya ya Tarime, wakati wa ukame tena. Hali hiyo si ya bahati mbaya tu. Ukame huukausha mmea, na muhogo ulioteswa na jua huzidisha sumu yake. Ukame ule ule huua mazao mengine, ukabaki muhogo peke yake shambani. Huyakausha madimbwi ya kulowekea. Hupunguza maziwa, kunde na samaki. Mwisho huleta njaa, na mwenye njaa hawezi kungoja siku 4. Kila mlango ambao sumu ingetokea wafungwa kwa mkono mmoja.

Hata hivyo ukame haukuhitajika kila mahali. Katika Kwango, uchunguzi wa miaka ya karibu na 1990 ulionyesha kwamba mahali pengine siku za kuloweka zilikuwa zimepunguzwa kwa sababu ya biashara. Barabara ilipokuwa nzuri, malori yalifika kutoka Kinshasa kununua muhogo. Mwuzaji aliyeloweka usiku mmoja alikuwa na gunia tayari kabla ya yule aliyeloweka siku 3. Mlaji wa mjini alipata nyama au samaki pamoja na unga huo, salfa yake ikamtosha, asione neno. Kijijini unga wa haraka ule ule uliliwa na majani ya muhogo tu. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa jinsi fedha inavyoweza kuingia kijijini na afya ikatoka kwa njia ile ile. Wala mwanamke yule hakosi maarifa. Alijua vema siku zinazotakiwa. Alikosa nafasi.

Yafaa kukumbuka pia kwamba hata ushindi wa ini una bei. Salfa inayotumiwa kuifunga sayanidi ni salfa ambayo ingejenga misuli ya mtoto na kumrefusha. Kitu kile kinachotokea baada ya sumu kufungwa, ijapokuwa ni dhaifu, huzuia shingo kupokea madini joto, na mahali ambapo chumvi haina madini hayo rovu huongezeka. Mwili haufanyi usafi bure. Anayesifu nguvu zake za asili, kama wauzaji wa chupa wasifuvyo, angesema nusu ya pili: nguvu hizo huliwa kila siku, na hurudishwa kwa chakula. Mambo mengine ambayo madaktari huyarudia, yaani maji ya kutosha, usingizi, na kujiepusha na pombe isiyo na kiasi, yana maana hiyo hiyo ya kutolipa ini kazi mpya kabla halijamaliza ya kwanza. Mganga mzuri wa zamani naye alimwambia mgonjwa wake apumzike na anywe supu ya samaki, na huenda supu ilifanya kazi kubwa kuliko mizizi iliyoandamana nayo.

Kwa unga uliokwisha sagwa na kushukiwa iko njia iliyotengenezwa na Howard Bradbury, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, pamoja na wenzake. Si mashine wala dawa. Unga mkavu hutiwa bakulini, na mahali ulipofikia huwekwa alama kwa ndani. Maji humiminwa kidogo kidogo huku ukikorogwa. Kwanza unga hushuka, kisha hupanda tena, na ufikapo kwenye alama maji yametosha. Unga huo uliolowa hutandazwa juu ya mkeka, unene wake usizidi sentimita 1, ukaachwa juani saa 2 au kivulini saa 5. Kimeng'enya kilichosalia humaliza kazi yake, na sayanidi hupaa ikaenda na upepo. Sumu hupungua mara 3 hadi 6. Jioni ile ile unga husongwa kwa maji ya moto kama kawaida.

Njia hii ilifundishwa katika eneo la Popokabaka huko Kwango kuanzia mwaka 2010, na katika kijiji cha kwanza kilichoifuata hakukuonekana wagonjwa wapya wa konzo. Wanawake waliipokea kwa sababu inafanana na kazi waliyoizoea, na kwa sababu, walisema, ugali wake hauna uchungu. Haikuwaongezea samaki. Saa 5 za kivuli zimeshika mahali pa siku zile 3 zilizoliwa na lori na njaa, na salfa bado yatafutwa mitoni na sokoni kwa bei ya siku. Wale waliofungwa miguu kabla ya mkeka huo kutandazwa hukaa karibu nao, mara nyingi, kuwafukuza kuku.