Jezi Itahama Mara Ngapi?

Ukisukuma baiskeli yenye mitungi ya maji hapa Sultan Hamud, unajua tambarare hudanganya. Mlima ndio huamua. Tour de France ni vile vile. Mwanzoni waendeshaji hupishana kwa sekunde tu, jezi ya njano inahamahama. Mlima ukileta dakika, inatulia. Mwaka wa 2013 ilihama mara 4 katika hatua 21. Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliitwaa hatua ya 8 akaenda nayo hadi Paris.

Kwa hesabu hiyo, ndugu yangu mdogo alitaka kuweka karo yake kwenye mkeka. Nikamwambia, sawa, na Giro d'Italia ya 2018 je? Yates alivaa jezi siku 13. Hatua ya 19, Froome akachomoka peke yake kilomita 80, akamvua. Bro akanyamaza. Karo ikalipwa.