Kabla Ulipe Injini Ifunguliwe, Uliza: "Umejuaje?"

Wasee, injini ikianza kugonga, kila mtu aliye karibu anageuka daktari. Mtu wa boda anasema ni beringi. Mwenye kibanda cha mayai anasema ni pistoni. Jirani ambaye hajawahi kumiliki hata wilibaro anasema hiyo imekufa, uza. Na wote wanasema kwa uhakika kabisa, boneti bado imefungwa.

Msimamo wangu ni huu: kelele ni dalili, si jibu. Kelele moja inaweza kuwa na sababu tano. Fundi akitaka pesa kabla hajakuonyesha ni gani kati ya hizo tano, anacheza kamari, na pesa ni zako.

Pikapu mnayoiona kwa video zangu ni Hilux ya 1992. Injini ni 3L, dizeli, lita 2.8, silinda nne. Ilikuwa ya marehemu baba, na hapa Nyansiongo imebeba nepia, maziwa na ndizi za soko la Keroka miaka mingi kabla mimi nijue kubadilisha gia. Tangu nitoke kampasi mwaka wa pili kwa sababu ya fee, mimi na binamu yangu tumekuwa tukiijenga polepole: springi za kuinua, tairi kubwa, na turbo ya kutoka kwa gari lililovunjwa, juu 3L hutoka kiwandani bila turbo. Wikendi ni projekti. Siku za wiki bado inafanya kazi ya boma.

Halafu ikaanza kugonga. Si ile kelele ya kawaida ya dizeli. Hii ilikuwa nzito, kama mtu anapiga mlango wa chuma kwa ngumi, na ukikanyaga mafuta kupanda mlima inazidi.

Fundi wa kwanza alisikiliza kama dakika moja. "Beringi za konrodi. Tufungue yote. Elfu tisini na tano."

Nikamuuliza, "Fundi, umejuaje?"

"Kijana, mimi nimefungua injini kabla uzaliwe."

Huku kwetu kumuuliza mtu mzima hivyo inaonekana ni madharau. Lakini sikusema anadanganya. Beringi ingeweza kuwa kweli. Shida ni kwamba miaka yake ya kazi haikuwa jibu la swali langu. Na pesa iliyokuwa nyumbani ilikuwa bonasi ya chai ya mama, ambayo ilikuwa imepangiwa fee ya dadangu. Kabla jioni ifike, kuna mtu alishapita na bei ya skrepa. Mama akaniambia, "Baba, kama imekufa niambie tu, tuiuze niwache kuwaza." Nikamwomba anipe siku tatu.

Sheria yangu ilikuwa moja: anza na kipimo cha bei ya chini, maliza na cha bei ya juu. Kufungua injini ndiyo kipimo ghali kuliko vyote, kwa hivyo inakaa mwisho wa laini.

Kwanza ni vitu vya nje. Gari ikishabadilishwa, usiamini chochote kilichofungwa baadaye. Bomba la turbo linaweza kuwa linagusa chesisi. Mpira unaoshikilia injini unaweza kuwa umekatika. Puli ya kranki ikilegea inagonga hadi uape ni beringi. Tukashika kila kitu kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Vyote vilikuwa sawa.

Pili ni oili. Tulifunga geji ya muda ya kupima presha, juu ile taa ya dashibodi huwaka kama mambo yameshaharibika. Injini ikiwa moto, presha ilikuwa nzuri. Tukamwaga oili, tukakata filta, tukaikunjua kwa jua. Beringi ikiliwa, utaona vipande vidogo vinang'aa. Na usitegemee sumaku peke yake: uso wa beringi ni metali laini ambayo sumaku haivuti. Sisi tulipata weusi wa kawaida wa dizeli, hakuna kinachong'aa.

Tatu ni sikio. Bisibisi ndefu, ncha kwa injini, mpini kwa sikio. Tapeti hulia kwa wepesi na polepole, kwa sababu kamshafti inazunguka mara moja kranki ikizunguka mara mbili. Pistoni iliyolegea kwa silinda hugonga asubuhi ikiwa baridi, halafu inatulia ikipata moto. Yetu haikutulia.

Nne, na hapa ndipo mchezo uligeuka: zima silinda moja moja. Injini ikinguruma taratibu, unalegeza nati ya bomba la dizeli kwa injekta ya kwanza. Silinda hiyo inakosa mafuta, injini inatetemeka. Sikiliza, kaza, nenda kwa ya pili. Tafadhali funika nati na kitambaa kizito, vaa miwani na glavu, na usiweke kidole karibu. Dizeli ikiwa na presha hiyo inaweza kupenya ngozi, na hiyo ni hospitali moja kwa moja.

Ya kwanza, bado inagonga. Ya pili, bado. Ya tatu, kelele ikaisha. Kimya.

Hapo mtu mwenye haraka angesema, "Si nilikuambia?" Kwa sababu konrodi yenye beringi mbovu nayo hutulia ukiiondolea mzigo. Kwa hivyo tulibaki na washukiwa wawili ndani ya silinda ya tatu: beringi au injekta. Tukatoa injekta ya tatu na ya kwanza, tukazibadilishana, tukaweka washa mpya chini yake. Tukawasha.

Kelele ilikuwa imehamia silinda ya kwanza.

Beringi haiwezi kuhama. Kilichohama ni injekta.

Nilizipeleka zote nne Kisii kwa mzee mmoja wa pampu. Yeye hakunihubiria. Alizifunga kwa mashine yake akasema, "Njoo uone." Tatu zilirusha dizeli kama ukungu. Moja ilidondosha matone. Dizeli haina plagi ya kuwasha. Moto unatokana na hewa iliyobanwa hadi ikawa moto sana. Mafuta yakiingia kama matone yanachelewa kushika, yanarundikana, halafu yanawaka yote kwa mpigo. Ule mpigo ndio tulikuwa tunausikia. Tungeuacha, ungeweza hata kutoboa pistoni.

Nozeli nne mpya, washa na kazi yake: elfu kumi na mbili. Dada akarudi shule Jumatatu, fee imelipwa.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi mafundi ni wezi, na sisemi kila injini inayogonga ni injekta. Kama tungepata vipande kwa filta na presha imeshuka, ningezima hiyo gari papo hapo, nisiiendeshe hata mita moja, na ningemwambia mama ukweli: tuifungue au tuiuze. Ingeuma, lakini tungekuwa tunalipia kitu tulichokiona.

Ninachokataa ni hukumu ya dakika moja. Nimeishi nayo. Nilipotoka kampasi, kuna watu hapa mtaani walishasema nimeisha, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nilitoka kwa sababu gani.

Kwa hivyo ukiwa na pikipiki, simu, laptopu au pikapu ya marehemu baba yako, na mtu akakutajia bei kubwa, muulize kwa heshima: "Fundi, umejuaje? Nionyeshe." Fundi anayejua kazi yake atakuvuta karibu uone. Akikasirika, chukua ufunguo wako, sema asante, tafuta mwingine.

Na turbo bado ipo. Wiki ijayo tunapima moshi.