Hema Halina Chumba cha Pili

Kufika Isiolo, tulikuwa tumeongea mambo matatu tu: mafuta, maji, na nani kasahau kiberiti. Kule Nairobi, mume wangu alikuwa ashahamia chumba cha wageni tangu tupoteze mimba ya pili. Hakuna aliyemfukuza. Tuliacha tu kuongea.

Mpaka Marsabit ni lami safi. Ukishuka kuelekea jangwa la Chalbi, lami unaisahau. Ni chumvi nyeupe mpaka macho yanachoka, na ngamia wa Wagabra kwa mbali, kana kwamba wanaelea. Tulipopita Kalacha, tairi ikapasuka. Mtandao, hakuna. Mimi nikaweka jeki, yeye akalegeza nati. Akafuta jasho, akasema, "Pole, mama." Sikumuuliza pole ya nini.

Usiku, upepo wa Loiyangalani ulitaka kuling'oa hema. Ni upepo huohuo unaozungusha mitambo 365 ya umeme kusini mwa hapo. Tukakaa macho, kila mtu kashikilia chuma cha upande wake. Ungetaka kununa uende wapi? Nje ni mawe na giza. Basi katika kelele ile, akaanza kunieleza alichokiona hospitalini wakati mimi nimelazwa usingizi. Nikamwambia jina nililokuwa nimelichagua. Hakuwa amelijua.

Asubuhi, Ziwa Turkana lilikuwa kijani kama kawaida yake. Hema lilikuwa limechanika ubavuni. Yeye akashika turubai, mimi nikashona.