Buti za baba hazikaushwi kwa jiko

Katika nyumba moja ya kata ya Malangali, manispaa ya Sumbawanga, buti za kazi zilikuwa na sheria moja tu: baba akirudi anazivua mlangoni, na binti wa darasa la tano anazichukua. Kuzisafisha ilikuwa kazi yake, kama kaka yake alivyokuwa na kazi ya kuteka maji. Hakuna aliyeona tatizo. Mtoto kumsafishia baba yake viatu ni adabu, na wazazi wengi wamelelewa hivyo.

Baba huyo ni fundi ujenzi. Alianza kama saidia fundi akibeba karai za zege, sasa anajenga kuta na kumwaga misingi. Buti zake, nyeusi, ndefu kidogo kupita kifundo cha mguu, zina kikombe cha chuma mbele ya vidole. Alizinunua mwenyewe kwenye mitumba, kwa sababu msimamizi wa saiti alishawaambia kwamba kila mtu aje na viatu vyake. Hapo ni vizuri wazazi wajue: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ndiye atoe vifaa vya kumkinga mfanyakazi. Lakini fundi wa kutwa anayeogopa kuambiwa kesho asije, hafungui mdomo.

Mwezi wa saba uliopita walimwaga zege siku nzima. Jioni alizimwagia buti maji ya bomba ili saruji isigande, akarudi nyumbani zikiwa zimelowa hadi ndani. Uwanda wa Ufipa unajulikana kwa baridi. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa Juni na Julai hauna huruma. Buti nene la ngozi lililolowa magharibi haliwezi kuwa kavu alfajiri, na alfajiri kulikuwa na kazi.

"Mama, jiko bado lina moto?" baba aliuliza baada ya chakula.

"Lina mkaa mzuri tu, umekolea," mkewe akamjibu.

Jiko likaingizwa chumbani. Buti zikapangwa pembeni yake, dirisha likafungwa, chini ya mlango likasukumwa gunia kuzuia upepo. Watoto wawili wakaja kulala chumba hicho hicho kwa sababu kilikuwa na joto. Wazazi wote wawili waliamini jambo ambalo watu wengi wanaliamini, kwamba mkaa ukishakuwa mwekundu na moshi ukakata, hauna madhara tena.

Kumbe hapo ndipo hatari ilipo. Mkaa unaoungua kwenye hewa kidogo hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta, inajishikiza kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na kuchukua nafasi yake. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, kichefuchefu, miguu inakuwa mizito. Aliyelala hasikii chochote, anazidi kulala.

Kilichowaokoa ni buti. Usiku wa manane mtoto alijigeuza, akalisukuma moja kwa mguu hadi likagusa jiko. Ngozi ikaanza kuungua. Mama aliamka kwa ile harufu, si kwa gesi, akataka kusimama, magoti yakakataa. Alitambaa hadi mlangoni akaufungua. Baba alizinduka kwa kelele zake. Waliwavuta watoto nje, kwenye ule upepo waliokuwa wakiukimbia, binti akatapika pale uani na kulalamika kwamba kichwa kinapasuka. Bajaji ikaitwa, wakafika hospitali, binti akawekewa oksijeni hadi asubuhi. Walirudi nyumbani wote wanne.

Simulizi ingeishia hapo, lakini buti zile ziliendelea kuvaliwa.

Moto huikausha ngozi hadi inakuwa ngumu na kupasuka, na hulegeza gundi ya soli. Buti lililoungua lilianza kuachama ubavuni, upana wa kama kucha. Baba alipaka gundi, akaendelea na kazi. Wiki ya pili maji ya zege yakapenya. Hakusikia maumivu saa ile. Saruji ikichanganywa na maji inakuwa kali kama magadi, na zaidi, lakini huunguza polepole, mtu akidhani ni unyevu wa kawaida. Usiku alipovua soksi, ngozi ya juu ya mguu ilitoka nayo. Kidonda kilimweka nyumbani wiki tatu, bila ujira. Angevua buti na soksi mara tu alipohisi maji yameingia, akauweka mguu kwenye maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, pengine angeondoka na wekundu tu.

Wiki hizo tatu ndizo zilizombadilisha. Akiwa amekaa kibarazani, alimtazama binti yake akisugua buti zile kwa mikono mitupu, vumbi la kijivu likimrukia usoni, na kwa mara ya kwanza akaona vidole vyake vilivyochanika. Mama alikuwa akivipaka mafuta akidhani ni baridi. Saruji hukausha na kuchubua ngozi, na ina chembe za kromiamu ambazo kwa watu wengine huleta mzio usioisha.

Sasa buti ni kazi ya baba mwenyewe. Anazigonganisha nje ya uzio, mbali na vyombo na watoto. Anatoa kamba na soli ya ndani, anasugua kwa brashi, kisha kwa mswaki wa zamani kwenye mishono, ambako saruji hujificha. Anafuta kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Hazilowekwi kamwe. Saruji iliyogoma anaifuta kwa siki iliyochanganywa na maji, halafu anapitisha kitambaa safi. Ndani anajaza magazeti ya zamani, baada ya saa moja anayabadilisha, na buti zinakaa kivulini penye upepo. Zikikauka anapaka rangi ya viatu ya mafuta. Nguo zake za kazi zinafuliwa peke yake.

Amenunua pea ya pili, na safari hii aliikunja soli kwanza. Buti za mitumba zilizokaa stoo miaka mingi huweza kuonekana mpya kabisa, kumbe soli yake inameguka kama mkate mkavu. Alibonyeza pia mbele: kikombe cha chuma kilichowahi kubonyezwa na kitu kizito hakifai tena, hata kama ngozi inang'aa. Siku za zege anavaa mabuti ya mpira. Pea mbili zinapokezana, moja ikivaliwa nyingine inakauka, na fangasi wa katikati ya vidole, waliomsumbua miaka minne huku akinunua mirija ya dawa, wamepungua tangu aanze kubadilisha na soksi kila siku.

Jiko halivuki tena mlango wa chumba cha kulala. Baridi ikizidi, watoto wanaongezewa blanketi.

Buti moja liliwahi kubebwa na mbwa wa jirani hadi kwenye shamba la mahindi, kwa hiyo siku hizi zinaning'inizwa kwenye msumari chini ya paa. Jioni mama akipita anaingiza mkono ndani kupima.

"Zimekauka?" baba anauliza kutoka ndani.

"Bado ulimi."

"Basi kesho navaa zile nyingine."