Ukara: Kisiwa cha Mama Mkwe

Nianze kwa kukiri. Safari hii sikuifanya kwa ajili ya kuandika. Nilikwenda kumshawishi mama mkwe wangu akubali mashamba ya mume wangu yauzwe.

Mambo yenyewe yako hivi. Tunaishi Mwanza, nyumba ya kupanga, Kirumba. Tumepata kiwanja Buswelu, nusu ya bei tumelipa, nusu ya pili imetutoa jasho. Mume wangu ana vipande vitatu vya shamba alivyoachiwa na marehemu baba yake kisiwani Ukara, na tangu amalize shule hajavishikia jembe. Hesabu ikawa nyepesi kwangu: uza huko, lipa huku. Yeye akaniambia, "Anayelima ni mama. Nenda kamwambie wewe." Wanaume jamani! Miaka sita ya ndoa na ukweni nilikuwa sijawahi kukanyaga. Kila nikigusia, naambiwa ziwa limechafuka, subiri mwakani. Mama ndiye aliyekuwa akija mjini, tena mara mojamoja.

Basi, kutoka Mwanza unapanda meli mpaka Nansio, makao makuu ya wilaya ya Ukerewe, kama saa tatu hivi. Nansio unatafuta gari au pikipiki hadi Bugolora, na Bugolora ndiko kwenye kivuko cha kwenda Bwisya, upande wa Ukara. Hapo ndipo miguu iliponiishia nguvu. Maji haya ndiyo yaliyoizamisha MV Nyerere mchana wa Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, kivuko kikiwa kimekaribia kabisa kufika Bwisya. Walikufa watu 228. Baadhi yao walizikwa palepale Bwisya. Kivuko cha sasa ni kingine, kipya, lakini moyo haujui habari ya upya. Nilivaa boya tangu natia mguu ndani mpaka nashuka, mwanafunzi mmoja akawa ananitazama huku anacheka chinichini. Acha acheke.

Mama mkwe alikuwa ananisubiri gatini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuniona au una jambo?"

Nikasema nimekuja kumwona. Nadhani hakuniamini hata kidogo.

Sasa nikueleze nilichokikuta. Nina hakika umewahi kuona zile kalenda zenye picha za milima ya Indonesia, mashamba yamepangwa ngazi kwa ngazi kama mtu kachora. Ofisini kwetu ilikuwepo moja, nimeitazama mwaka mzima nikitamani. Kumbe ngazi nyingine ziko kwa mama mkwe wangu! Ukara ni kisiwa kidogo, kama kilomita za mraba 80, majabali kila upande, na udongo ni mchanga unaotokana na majabali hayohayo. Watu ni wengi, wamebanana tangu enzi za Wajerumani na kabla yao. Kwenye miteremko wamejenga kuta za mawe ili mvua isishuke na shamba. Hakuna pori. Hata miti ina wenyewe. Hukati tawi la mti wa jirani ukasema umeokota kuni.

Usiku wa kwanza sikulala. Nyuma ya ukuta kuna kitu kinatafuna, kinapumua, kinatafuna tena. Ng'ombe! Sio zizi la nje, ni ndani ya nyumba, upande wake sakafu imechimbwa chini kama shimo pana. Hatoki kwenda kuchunga kwa sababu pa kuchungia hapapo. Anakatiwa majani na kuletewa mdomoni, mengine yanapandwa kwenye mashimo waliyoyachimba ufukweni ili maji ya ziwa yayaloweshe. Anachokula kinageuka samadi, anachobakiza kinakuwa tandiko lake, vyote vinarundikana shimoni, kisha vinabebwa kwenda shambani. Na huyo ng'ombe, usiniulize kwa nini, ana adabu kuliko wapangaji wenzangu wa Kirumba.

Saa kumi na moja alfajiri nikaamshwa. "Mama wa mjini, twende." Nikapewa kikapu. Kikapu cha samadi mbichi kichwani, mimi ambaye nywele nilikuwa nimesuka juzi yake! Njia inapanda kwenye mawe, mama mkwe na miaka yake sabini yuko mbele anaongea na kila anayepishana naye, mimi nyuma natweta. Nilibeba vikapu vinne. Yeye sikumhesabia.

Tulipokaa kupumzika akanifundisha. Mwaka huu kipande hiki kina uwele. Katikati ya uwele wanapanda mmea wa jamii ya marejea, ule wenye maua ya njano. Uwele ukivunwa, marejea yanabaki yanakua, baadaye yanalimiwa chini pamoja na samadi. Mwaka unaofuata zamu ya njugu mawe, na mtama nao una mahali pake kwenye mzunguko. Mihogo ipo, na mpunga kwenye mabonde. Kupumzisha shamba? Akanishangaa. Shamba halipumzishwi, linalishwa.

Mwaka 1936, katika toleo la kwanza kabisa la jarida la Tanganyika Notes and Records, wataalamu wawili, Thornton na Rounce, waliandika makala nzima juu ya kilimo cha Wakara. Kama mhariri niliona wivu. Toleo la kwanza na tayari wana habari ya namna hiyo. Waliokuja kuchunguza miaka ya 1960 waliona jambo jingine lililonikaa kichwani. Mkara huyohuyo akihamia bara, kwenye ardhi tele, kuta za mawe na samadi anaviacha, analima kama majirani zake wapya. Nikamuuliza mama, kwa kuwa shemeji yake alihamia huko zamani.

"Kule udongo ukichoka unausogelea mwingine," akasema. "Hapa ukisogea unaingia ziwani."

Nisikudanganye kwamba kila nyumba bado iko hivyo. Nilipita nyumba nyingi zisizo na ng'ombe ndani, na vipande vilivyojaa mihogo mitupu. Vijana wako kwenye dagaa na sangara, ambako pesa inaonekana usiku mmoja. Nani atamlaumu kijana? Mimi mwenyewe vikapu vinne vilinitosha, na mgongo uliniuma wiki nzima.

Jioni ya pili nikajikaza nikalitoa jambo langu. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, kwa maneno makali, hata kwa kikao cha ukoo. Mama akaendelea kumenya mihogo.

"Nilijua tangu gatini. Vile viwili vya mbali, njugu zikishatoka tutaongea. Hiki cha karibu hapana, hiki ndicho kinachomla ng'ombe, na ng'ombe ndiye anayekila." Akacheka peke yake. Kisha akaweka kisu chini. "Shamba sio shida, mwanangu. Wewe maji umeacha lini kuyaogopa?"

"Mimi, mama?"

"Si ndivyo anavyoniambia mwanangu? Kila nikimwita anasema mke wangu anaogopa kivuko, siwezi kumwacha."

Nilinyamaza. Kumbe mimi naambiwa ziwa limechafuka, mama anaambiwa mke anaogopa! Mama ndiye aliyenieleza kilichobaki. Kwenye kivuko kile walikuwamo watu wawili aliosoma nao mwanawe, dawati moja. Alikuja kuwazika, akarudi Mwanza, na hajavuka tena. Pesa anatuma kila mwezi bila kukosa, simu anapiga kila Jumapili. Sauti tu ndiyo inayovuka.

Miaka sita nalala na mtu huyu. Najua anapenda sato wa kuchoma, najua timu yake ikifungwa hali chakula. Hili sikulijua.

Asubuhi ya kuondoka mama alinifungia njugu mawe na unga wa uwele, akanisindikiza mpaka gatini. Kabla ya kupanda nikapiga simu.

"Umemwambia?" mume wangu akauliza haraka.

"Nimemwambia. Anakusubiri ukavune njugu."

Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Ulivyovuka," akasema mwishowe, "ulivaa boya?"

"Nilivaa. Mwanzo mpaka mwisho."

"Na ziwa likoje?"

Nikatazama. Lilikuwa limetulia, dagaa wameanikwa mchangani, watu wanapanda na kuku zao na magunia yao.

"Njoo ulione," nikamwambia, nikakata simu, nikaenda kutafuta boya langu.