Baiti Mbili za Kibokoni

Nyumba ya Khala iko Kibokoni, kwenye kichochoro ambacho tuktuk haiingii, na mwaka jana mimi ndiye niliyekuwa "kampuni ya intaneti" ya ghorofa tatu. Laini moja, ruta moja kuukuu niliyoitia OpenWrt, majirani watano wakichanga. Chuo nilikuwa nimeacha mwaka wa pili. Khala alidhani niko likizo. Likizo ya miezi saba, na wala hakuuliza.

Majirani wakaanza kuzozana: nani anakula intaneti yote? Nikaandika moduli ndogo ya kerneli ya Linux. Inanakili mwanzo wa kila pakiti, inasoma anwani ya mtumaji, inahesabu. Kwenye laptopu yangu ya Intel ilikimbia vizuri tu. Nikaitia kwenye ruta, na jioni hiyo hiyo intaneti ikaanza kutambaa. Jirani wa chini akapanda ngazi, simu mkononi: "Mwanangu, hela twalipa, mbona video yazunguka tu?"

Siku tatu nililaumu kebo, kisha bahari. Kwetu ni rahisi kulaumu bahari. SEACOM na TEAMS zilitua hapa hapa Mombasa 2009, na intaneti ikilala kila mtu ataja nanga ya meli.

Kumbe kosa langu. Kichwa cha Etherneti kina baiti 14. Baada yake chaanza kichwa cha IP, na anwani ya mtumaji iko baiti 12 ndani yake. 14 na 12 ni 26, na 26 haigawanyiki kwa nne. Prosesa ya ruta ile ni MIPS. Ikisoma baiti nne kwa mpigo, yataka zianzie kwenye namba inayogawanyika kwa nne. Anwani yangu ilikaa nusu huku, nusu kule. MIPS ikikuta hivyo hugoma. Kerneli inaacha shughuli zake, inaisomea kipande kipande, ndipo kazi iendelee. Kila pakiti! Intel huvumilia kimya kimya, ndiyo maana laptopu haikuniambia kitu. Kerneli ina kihesabio cha ajali hizi. Nilipokifungua, namba ilipanda kila nikitazama.

Dawa niliipata kwenye sinia. Asubuhi humsaidia Khala kupanga mahamri ya kuuza, safu za nne nne. Oda ya 14 ikiisha, safu ya mwisho ina mawili. Khala huacha nafasi mbili tupu, oda nyingine anaianzia safu mpya. "Nisije nikachanganya," asema. Nikasimama na hamri mkononi kama zuzu.

Linux yenyewe hufanya hivyo: huruka baiti mbili kwanza, kichwa cha IP kiangukie 16. Nafasi hiyo ina jina, NET_IP_ALIGN, na kwa kawaida ni 2. Mimi kwenye bafa yangu nilianza sifuri. Nikabadilisha mstari mmoja, anwani ikaenda 28, video za jirani zikaacha kuzunguka.

Somo la usanifu wa kompyuta lilikuwa mwaka wa tatu. Karo haikufika huko.

Usiku Khala akaniletea chai, akatazama ile skrini nyeusi. "Haya ndiyo mnayosomeshwa chuoni?"

"Khala, chuo nimeacha."

Akaketi ukingoni mwa kitanda. "Mamako ajua?"

"Bado."

Akachomoa simu yangu kwenye chaji, akanipa.